Fuga Gogogo Watano Kabla Hujachimba Bwawa



Leo tuache kidogo pamba na mihogo. Nataka tuzungumze juu ya samaki mdogo ambaye kila mtu wa mwambao wa Mwanza anamjua, lakini anamjua kwa kumlaani tu. Naye ni gogogo. Ndiye huyo anayejinasa kwenye nyavu kwa miiba yake mpaka mvuvi anaamua kukata nyuzi. Pale Mwaloni Kirumba watu hukimbilia sangara, sato na dagaa. Gogogo nani anamuulizia? Jirani zetu Wajaluo humwita okoko. Basi mimi leo nasema samaki huyu anafaa awe mwalimu wako. Umweke katika tangi la kioo barazani, umtazame kwa miezi mitatu, ndipo utoe fedha za kuchimba bwawa.

Najua utasema: bwana shamba, samaki wa kutazama ni mambo ya mahoteli, mimi yananihusu nini? Swali zuri. Nisikilize.

Namkumbuka mzee mmoja wa upande wa Misungwi. Alichimba bwawa zuri, mita 20 kwa 10, akapanda sato. Wakakua vema. Siku chache kabla ya kuwavua akaona awanenepeshe: akamwaga pumba nyingi, akaongeza na samadi ya kuku. Kulipopambazuka sato wote wako juu ya maji, matumbo yamegeuka. Mzee akamshuku jirani yake kwamba katia sumu. Wakapelekana kwa mwenyekiti wa kijiji, na mpaka leo watu hao hawasalimiani. Kumbe sumu haikuwapo. Samaki walikosa hewa tu. Pumba na samadi vilipooza majini vilimaliza hewa yote usiku.

Mzee yule hakuwa mzembe. Alikuwa hajapata kuwaona samaki wanavyokosa hewa, kwa sababu maji ya bwawa ni ya kijani na huoni ndani. Katika kioo utaona. Na hasara ya kujifunza katika kioo ni samaki watano, si bwawa zima pamoja na ujirani.

Sasa utauliza, kwa nini gogogo na si sato au mumi? Sato hukua upesi, tangi linamshinda, tena madume hupigana. Mumi ndiye hafai kabisa kwa somo hili. Mumi ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu kama sisi, kwa hiyo hata maji yakioza yeye anapanda, anagugumia hewa, anashuka. Mumi hukudanganya kwamba maji ni mazima. Gogogo hana kiungo hicho. Anategemea matamvua tu, basi maji yakiharibika atakuambia mapema. Tena yule gogogo mdogo ninayemsema haendi mbali: akikomaa hufika kama sentimita 13 hivi, urefu wa kalamu ya wino.

Humu ziwani tunao gogogo wa aina mbili. Mkubwa hukua zaidi ya mara mbili ya mdogo, na huyo mwache aende sokoni. Mdogo ndiye ambaye wataalamu humwita Synodontis afrofischeri. Jina hilo alipewa mwaka 1888 na Mjerumani Hilgendorf, kwa kumkumbuka daktari na msafiri Gustav Fischer, aliyefika pande hizi za ziwa katika safari yake ya mwaka 1885 na 1886. Wazee wa mwambao walikuwa wanamtoa kwenye migono yao tangu zamani, lakini vitabu havikuwauliza wao.

Kumtambua si kazi. Kichwa chake kina gamba gumu la mfupa linalokwenda mpaka kwenye mwiba wa mgongoni. Ana miiba mitatu mikali: mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu. Mkia umegawanyika mara mbili. Mdomo uko chini, na ndevu ni sita. Zile nne za kidevuni zina matawi madogo kama mizizi ya mche. Mwili ni wa kahawia wenye mabaka meusi, hasa akiwa mdogo. Mtoto wa mumi yeye ana ndevu nane, hana mwiba mgongoni, na mkia wake ni wa duara. Ukiwa na shaka mpelekee mvuvi mzee, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Ukimshika gogogo atasimamisha miiba na kuifunga kabisa, hairudi hata uisukume, na atatoa sauti ya kukwaruza. Sauti hiyo anaitoa kwa kuusugua mwiba wa ubavuni katika kiungo chake. Usimvute kwa nguvu. Mwiba ukikuchoma unauma sana na kidonda huvimba. Kwa sababu hiyo hiyo usimtoe majini kwa kitambaa wala chandarua. Tumia bakuli au kikombe kikubwa, umchote pamoja na maji. Na usimsafirishe katika mfuko wa plastiki hata kama ni mgumu, maana ataupasua njiani na maji yatamwagika garini. Ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa yatosha, alfajiri kabla jua halijawa kali.

Utampata wapi? Hukaa kwenye mawe na kando ya matete na mafunjo. Zungumza na wavuvi wa mwalo wako wanaotega migono, uwaombe wadogo waliotoka wazima bila jeraha la wavu. Kwanza lakini mwone afisa uvuvi au viongozi wa BMU wa mwalo, uwaeleze unachotaka. Usivue mwenyewe kwa nyavu za macho madogo, ni kosa. Usiguse kabisa maji ya Kisiwa cha Saanane, kwani ile ni hifadhi ya taifa. Na usiingie majini miguu mitupu kwa ajili ya samaki watano: kichocho kiko palepale matete yalipo.

Haya, tuje kwenye tangi. Fundi wa madirisha ya alumini mjini anaweza kukukatia vioo na kuviunganisha kwa silikoni. Mwambie atumie silikoni safi isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Kipimo kizuri ni urefu mita moja, upana sentimita 40, kimo sentimita 40, na kioo cha milimita 8. Ukijaza maji mpaka sentimita 35 una lita 140, na lita 140 ni kilo 140. Ongeza mchanga, mawe, na kioo chenyewe: unakaribia magunia mawili ya mahindi. Kwa hiyo meza ya kulia chakula haifai. Jenga msingi wa matofali, utandike ubao ulionyooka, na juu ya ubao weka godoro jembamba la sponji ili kioo kisipasuke.

Kama kioo ni ghali kwako, pipa la plastiki la lita 200 likikatwa kwa urefu litafaa pia, ila utaona kwa juu tu, na hilo ni pungufu kwa somo letu. Lakini sikia vizuri hapa: pipa lisiwe lilibeba dawa ya pamba. Hata ndoo uliyochanganyia dawa mwaka jana na ukaiosha kwa sabuni mara tatu, usiitumie. Dawa nyingi za kuua wadudu, hasa za jamii ya pareto za viwandani, zinaua samaki kwa kiasi kidogo mno. Ni hivyo hivyo kwa dawa ya mbu ya kupuliza chumbani. Na wewe unayeosha bomba la kunyunyizia pale mtoni, hebu fikiri samaki wa chini ya mto wanapata nini.

Weka tangi mahali penye mwanga lakini jua lisilipige moja kwa moja. Chini tandaza mchanga uliooshwa mpaka maji ya kuoshea yakawa meupe. Gogogo hupapasa chini kwa ndevu zake, na mchanga wenye ncha kali unazikata. Panga mawe ya mviringo yafanye mapango, uyahakikishe hayayumbi. Chungu kilichovunjika nacho ni nyumba nzuri. Kila gogogo apate mahali pake pa kujificha, la sivyo watasukumana usiku kucha.

Maji ya bomba hutiwa klorini. Yaache katika ndoo wazi siku moja nzima kabla hujayatia. Joto lisikusumbue: gogogo anataka nyuzi 24 mpaka 27 hivi, na hapa Mwanza maji ya barazani kwa kawaida yamo humo humo. Wenzetu wa Ulaya wanaomfuga samaki huyu hununua vyombo vya umeme vya kumpashia maji. Wewe umepewa bure.

Sasa nifike penye jambo lenyewe, nalo nataka ulisome polepole, ikibidi urudie.

Umeingia banda la kuku lililofungwa usiku kucha, ile harufu ikakuchoma macho? Hiyo ni amonia, na inatoka katika kinyesi. Samaki naye hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua, masaa yote. Kuku unaweza kumfungulia dirisha. Samaki anaishi ndani ya mkojo wake, na anauvuta. Tena amonia ikiwa majini hutaisikia kwa pua hata ikiwa ya kutosha kuua. Chakula kilichobaki kikioza kinaongeza amonia ile ile.

Shambani samadi mbichi huchoma miche, si ndiyo? Lakini ikikaa na kuiva inakuwa mbolea. Wanaoivisha ni bakteria. Katika tangi kazi ni hiyo hiyo: bakteria wa kwanza wanageuza amonia kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, wa pili wanaigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia isipozidi, na mimea huila. Bakteria hawa hawapo katika tangi jipya. Huchukua wiki 4 mpaka 6 kuzaliana wakatosha. Hapo ndipo watu wengi wanapoua samaki: wananunua tangi Jumamosi, wanajaza samaki kumi Jumapili, Jumamosi ya pili tangi ni tupu, na wanasema samaki wa ziwani hawafugiki.

Kwa hiyo anza na gogogo wawili tu. Wape chakula kidogo mno. Wiki hizo sita za mwanzo badilisha maji mara mbili kwa wiki, robo ya tangi kila mara. Baada ya hapo leta wale watatu, na sasa robo moja kwa wiki yatosha. Ni kama lita 35, ndoo mbili za lita 20 zisizojaa sana. Usimwage maji yote ukaosha tangi kwa sabuni likang'aa. Nawajua akina mama wapenda usafi, lakini usafi wa namna hiyo unawaua bakteria wote na unarudi mwanzo. Maji unayoyatoa mwagia mchicha, utaona utakavyokushukuru.

Mwenye umeme anunue pampu ndogo ya hewa na chujio la sponji. Hewa inapita ndani ya sponji, na bakteria wanakaa humo. Sponji ikijaa uchafu ikamue ndani ya yale maji uliyoyatoa katika tangi. Usiioshe bombani, klorini itawaua wafanyakazi wako. Umeme ukikatika saa nyingi, chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, mara ishirini au thelathini kila baada ya saa moja. Asiye na umeme abaki na gogogo wawili au watatu, atie mimea ya majini iliyooshwa vizuri, na asipitishe siku ya kubadili maji.

Ukileta samaki nyumbani usimtupe tu tangini. Acha ndoo itulie, halafu ongeza kikombe cha maji ya tangi kila dakika chache kwa nusu saa, ndipo umhamishe.

Chakula chake ziwani ni wadudu wa matopeni, konokono wadogo, na makombo anayoyaokota. Unaijua ile mijidudu inayopanda juu ya ziwa kama moshi, ikiingia mdomoni ukiwa unazungumza? Watoto wake hukaa matopeni, na gogogo huwapenda. Wewe mpe nyungunyungu aliyekatwakatwa, au unga wa dagaa wasiotiwa chumvi. Kwa watano waliokomaa kijiko kimoja cha chai kisichojaa kwa siku kinatosha, na siku moja katika wiki wasile kitu. Mpe jioni, maana gogogo ni wa usiku. Mchana hujificha, na hiyo si dalili ya ugonjwa. Kinachobaki asubuhi kitoe. Kikibaki kila siku, ujue unazidisha. Viluwiluwi vya mbu navyo anavila vizuri, ila usije ukafuga mbu ili umlishe samaki.

Usishtuke pia ukimkuta ndani ya pango amegeuka tumbo juu. Jamii hii ina mazoea hayo. Kuna ndugu yake wa Kongo ambaye huogelea tumbo juu muda mwingi, hata tumbo lake limekuwa jeusi kuliko mgongo. Akichezesha ndevu, yu mzima. Na kama unadhani huyo wa Kongo ni kituko, kule Kigoma katika Ziwa Tanganyika yuko gogogo anayetia mayai yake katikati ya mayai ya samaki wanaolelea watoto mdomoni. Mama yule anayachukua yote. Watoto wa gogogo wanaanguliwa kwanza, wanawala wenzao humo humo mdomoni, na mama anaendelea kuwalea wageni. Gogogo wetu hana hila hiyo, na usitegemee kumzalisha katika kioo.

Dalili za kuzitazama hasa ni hizi. Gogogo wakitoka mafichoni mchana, wote wako juu, midomo imegusa uso wa maji: hewa imekwisha au amonia imezidi. Toa maji robo pale pale, tia mapya yaliyokaa, na usiwalishe siku mbili. Wakijisugua kwenye mawe na kuwa na vipele vyeupe kama chembe za chumvi, ni ugonjwa wa vimelea. Gogogo hana magamba, ngozi yake ni laini na dawa kali humuunguza, kwa hiyo usiende duka la mifugo kuokota dawa yoyote. Jaribu chumvi kwanza: kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kila lita 5, ikiyeyushwa pembeni na kutiwa kidogo kidogo katika siku mbili.

Sasa fanya jaribio moja. Amka saa kumi na moja alfajiri, umulike tangi. Hesabu matamvua yanafunguka mara ngapi kwa dakika. Hesabu tena saa tisa alasiri. Kama tangi lina mimea mingi na halina pampu, alfajiri utakuta wanahema haraka zaidi, kwa sababu usiku mimea haitoi hewa bali nayo inatumia. Bwawa la kijani ni hivyo hivyo, na ndiyo maana sato wa mzee yule walikufa karibu na mapambazuko. Mwenye kuliona hili kwa macho hatamwaga pumba jioni wala kuweka samadi siku ya mawingu. Na siku akiwaona sato wake wanagugumia juu, atafungulia maji mapya badala ya kwenda kwa mwenyekiti.

Jambo la sheria na la busara: ukichoka na gogogo wako usiwamwage katika bwawa, mto au lambo lolote. Sangara mwenyewe aliingizwa ziwani upande wa Uganda miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufika miaka ya 1980 alikuwa ameijaza ghuba yetu ya Mwanza, na aina nyingi za furu zikatoweka; hata gogogo wakapungua sana. Mwite afisa uvuvi akuelekeze, au mpe jirani anayetaka kuanza somo. Ukimpa na kipande cha sponji yako chenye bakteria umemfupishia zile wiki sita.

Ukisafiri siku tatu nne, kwa mfano kwenda msibani Geita, funga tangi kwa kifuniko cha wavu paka asifike, badili maji siku moja kabla, na usiache chakula. Gogogo mzima atavumilia bila shida. Ila waambie watoto mapema, tena mbele ya mama yao, kwamba hakuna kumwonea huruma na kumtupia ugali.